Mistari Miwili ya Chokaa

Mkono uliopigilia mlango wa nyuma wa Mama Dancille ndio mkono uleule uliochora mistari miwili ya chokaa mbele ya nyumba yake. Nalisema mapema ili mtu asije akasoma hadi mwisho akimtafuta mwovu mwingine. Hayupo. Kuna Sikuli tu, fundi mbao wa Ndosho, mtaa wa Goma, mtu wa Butembo, baba wa watoto wanne, asiyekunywa wala kugombana na jirani.

Nyumba nyingi za avenyu yao alizijenga yeye. Unazijua nyumba za kwetu: mbao zimesimamishwa juu ya mawe meusi ya volkano, kwa maana jiwe lile kulichimba msingi ni kujitafutia ugonjwa wa mgongo, bati juu, na kuta zimepakwa mafuta machafu ya gari ili mchwa wasile. Nyumba ya namna hiyo fundi anaimaliza kwa siku nne. Ikishika moto, inakwisha maharage yakiwa bado magumu. Sikuli alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana Muzee Zéphirin alipoanzisha kundi la zima moto, yeye alikuwa wa kwanza kuandikisha jina.

Huyo Zéphirin alizima moto kwenye uwanja wa ndege miaka ishirini na miwili. Tangu ndege ziache kutua Goma hakuwa na kazi, akawa anashinda mlangoni kwake amevaa buti zake za kazini, akiangalia njia, mpaka mke wake akamwambia, wee mzee, kaa hapo tu, utaota majani. Basi Jumapili moja baada ya misa akaita watu, wakaja kumi na moja. Mali yao yote ilikuwa chukudu moja, ile baiskeli ya mbao, la kusukuma bidoni sita za maji, mashoka mawili, mtarimbo mmoja uliolazwa kwenye karakana ya Sikuli, filimbi, na kofia mbili ngumu ambazo mzee alitoka nazo kazini, na hakuna aliyemuuliza alitokaje nazo. Gari la zima moto? Tuache mchezo. Hata kama lingekuwepo, lingepita wapi kwenye vichochoro vile ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja lazima ageuke ubavu?

Kwa hiyo kazi yao kubwa ilikuwa kutembea nyumba kwa nyumba kabla moto haujaja. Mama, mbabula ya makala isikae karibu na ukuta. Usianike nguo juu ya makala. Papa, hii petroli ya kuuza isilale mahali watoto wanalala. Na zaidi ya yote, kila nyumba iwe na mlango wa pili. Penye mlango wa pili, walichora mistari miwili ya chokaa pembeni ya mlango wa mbele. Penye mmoja, mstari mmoja, yaani ukuta uvunjwe. Chini yake nukta, kwa hesabu ya watu wanaolala humo.

"Ukifika kwa moto, usiulize mutu kitu," Zéphirin aliwafundisha. "Mutu analia, hajue kusema. Batu watakuambia mambo kumi. Soma ukuta."

Soma ukuta. Hilo wote walilishika vizuri, na Sikuli, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umenyooka, ndiye aliyepewa kazi ya kuchora.

Kisha vita vikaingia mjini, na vilipotulia vikatuachia wezi. Bunduki zilitupwa mitaani, na waliookota si watu wa kuokota bunduki. Wezi wa kwetu wana adabu yao: mlango wa mbele hawaugusi, wanaogopa majirani. Wanazunguka kichochoroni, wanaingia kwa nyuma. Kwa Théogène, fundi wa pikipiki, nyumba mbili kutoka kwa Mama Dancille, waliingia hivyo. Walimfunga kamba, wakampiga mke wake, wakabeba simu na cherehani. Kuanzia juma lile watu walianza kufika karakanani kwa Sikuli wakiongea kwa sauti ya chini, kila mmoja na neno lilelile: Papa Sikuli, unipigilie nyuma.

Alikataa wa kwanza. Alikataa wa pili. Ndipo akaja Mama Dancille.

Mama huyu alikimbia vita kutoka Kalengera na vitu alivyoweza kuvifunga kwenye kitenge kimoja. Mjane, anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni, na alikuwa na binti mmoja tu, Umuhire, mwenye miaka ishirini na mimba ya miezi minane. Aliyempa mimba alienda Walikale kuchimba madini na simu yake haipiti tena.

"Papa Sikuli, nimekuja juu ya ule mulango."

"Mama, hapana. Ule mulango niliuweka mi mwenyewe, juu ya moto."

"Moto niliiona lini? Wezi ndiyo niliwasikia. Juzi walipita ku mbavu ya nyumba yangu, wanacheka. Umuhire hawezi kukimbia na ile tumbo."

"Nitakuwekea komeo ya chuma."

"Théogène alikuwa na komeo."

Sikuli alifunga karakana. Alienda na nyundo yake. Alipiga misumari sita ya sentimita kumi na mbili, na kwa ndani akakatiza mbao mbili nene kutoka nguzo hadi nguzo, maana hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu. Mama Dancille mwenyewe alikuwa anampa misumari, mmoja mmoja. Mwishoni alisukuma mlango kwa bega, haukutikisika, akacheka kicheko ambacho Sikuli hakuwahi kukisikia kwake. "Sasa nitalala," alisema. Na kweli alilala. Mwezi ule Sikuli alipigilia nyumba nyingine kumi.

Na chokaa? Alijua kwamba mstari mmoja unatakiwa kufutwa. Chokaa ilikuwa imeingia kwenye ule ubao wenye mafuta, ilihitaji brashi na maji, na maji juma lile yalikuwa ya kununua. Hicho ndicho kisingizio. Ukweli ni kwamba aliona haya. Kufuta mstari ni kuliambia kundi zima kwamba fundi wa zima moto ndiye anayezunguka akifunga milango. Nitafuta kesho, alijiambia, na kesho yake akajiambia tena.

Moto ulikuja Jumanne, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha tangu Jumamosi.

Umuhire alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue. Mzazi kwetu anakaa chumba cha ndani, anapewa uji, anakandwa na maji ya moto, habanduki hapo. Mtoto aliitwa Gisubizo. Na katika mvua ile vitambaa vya mtoto vilikataa kukauka. Mama Dancille alifunga kamba kwenye chumba cha mbele, juu ya mbabula, akavianika, akatoka mbio kumkabidhi mwenzake sombe sokoni ili arudi mara moja. Alijua kwamba haifai. Sikuli mwenyewe alimfundisha, akiwa amesimama palepale. Lakini mtoto hakuwa na kitambaa hata kimoja kikavu. Wewe ungefanya nini?

Sikuli alikuwa anapiga randa aliposikia filimbi, mara tatu, ndefu. Alinyakua mtarimbo akakimbia, na moshi ulimwonyesha mahali. Aliona unatoka kwa Mama Dancille. Hakusimama.

Mbele kote kulikuwa moto mtupu. Zéphirin alikuwa anamwaga maji ya bidoni, na maji yale yalikuwa kama matusi tu, moto haukuyasikia. "Nyuma!" alikuwa anapaza sauti. "Iko mistari mbili! Benny yuko nyuma!"

Sikuli akaingia kichochoroni. Benny, kijana wa kuchomelea vyuma, mwenye nguvu kuliko wote kundini, alikuwa anauvuta mlango kwa mikono miwili. Aliuacha, akashika shoka, akaanza kupiga penye komeo. Pamoja naye alikuwa Fabiola, msusi wa nywele, aliyevaa kofia ya pili ya mzee. Nyuma yao watu walikuwa wamejaa, na mvua ilipiga mabati kiasi kwamba kama kuna mtu aliyekuwa anaita ndani hakuna aliyemsikia.

"Komeo imekwama!" Benny alisema, akapiga tena palepale.

Fabiola akageuka, akamwona Sikuli. "Fundi, wewe ndiye ulijenga hii nyumba. Huu mulango uko na nini?"

Majirani wote walimwangalia.

"Sijue," Sikuli alisema.

Lilitoka lenyewe. Hakulipanga. Alilisikia likitoka, akasimama pale na mtarimbo mkononi, akimwangalia Benny akipiga komeo ambayo haikuwa na kosa lolote. Pumzi tatu, labda nne. Labda tano. Baadaye alizihesabu mara nyingi na kila mara zilipata idadi nyingine.

Kisha alimsukuma Benny pembeni na kupaza sauti, "Acha mulango! Ukuta! Vunja ukuta!" Akapachika mtarimbo kati ya mbao mbili karibu na kona, mahali alipojua misumari ni mifupi. Mbao tatu zilitoka haraka, Salamu Maria moja haiishi. Hilo ndilo linalouma katika nyumba za mbao: mtu mwenye chuma anaweza kutoboa popote. Hahitaji mlango. Kama wasingeusoma ukuta wa mbele, wangeanza na ukuta huu wa nyuma.

Umuhire alikuwa chini, hatua moja kutoka kwenye mlango uliopigiliwa, amejikunja juu ya mtoto na kumfunika kwa tumbo lake na kitenge kilicholowa. Benny alimtoa mtoto, na mtoto alikohoa, akalia, na watu kichochoroni wakaanza kumshukuru Mungu. Walimtoa na mama yake. Hakuungua mahali popote. Vidole tu ndivyo vilikuwa vimechubuka, vyote kumi. Zéphirin alimlaza kwenye matope akamkandamiza kifua, akapuliza, akakandamiza, mpaka Fabiola akamshika mikono na kumwambia, muzee, inatosha.

Mama Dancille alifika na kikapu kitupu kichwani.

Kilio kiliwekwa uani kwa Théogène, chini ya hema la plastiki. Sikuli alitengeneza jeneza bila kuombwa na mtu. Alipolileta, alikaa nyuma na wanaume, akapokea sahani, akala, kwa sababu asiyekula anaulizwa ana nini.

Maneno yalianza siku ya kwanza. Mbao zile nene za mlango zilikuwa zimeonekana kwenye majivu, na misumari ikiwa bado imesimama. "Mama gani anapigilia mulango juu ya mutoto wake?" alisema mwanamke mmoja, wala hakupunguza sauti. Mwingine akajibu kwamba watu wa kukimbia vita wana woga, wanajifungia kama sungura. Siku ya pili walikuwa wanasema alikataa mafundisho ya zima moto kwa kiburi. Siku ya tatu mtu alitumia neno muuaji. Hata Zéphirin, mtu wa haki, alisema mbele ya kundi lote: "Angetuambia tu. Neno moja. Tungefuta mustari, Benny angevunja ukuta tangu mwanzo, na ule mutoto mwanamuke angekuwa ananyonyesha sasa hivi."

Mama Dancille alisikia yote. Alikaa kwenye mkeka na Gisubizo mapajani, akimlisha maziwa kwa kijiko, na hakujibu mtu. Mara moja tu aliinua macho yakakutana na ya Sikuli, na Sikuli akaangalia sahani yake.

Nyumbani, mke wake Kasoki ndiye aliyekata maneno. Alijua tangu mwanzo, nyundo haina siri kwa mwenye nyumba. "Wewe mwanaume," alimwambia, "utaenda kusema, ao niende mi?"

Siku ya nne, watu wa kilio walipokuwa wanamaliza sala, Sikuli alisimama. Alikuwa ametayarisha maneno mengi na yote yakampotea.

"Ni mi nilipigilia ule mulango," alisema. "Sikufuta chokaa. Na tena Fabiola aliniuliza mulango uko na nini, nikamujibu sijue. Nilikuwa najua."

Sikuli alisubiri kofi. Kusema kweli alilitamani, alilitamani kama mtu mwenye kiu, angelipokea na kusema asante. Lakini aliyefungua kinywa alikuwa Théogène, naye alisema kwa upole, "Papa Sikuli, usijibebeshe. Hata mi ulinipigilia, na tangu siku ile bibi yangu anapata usingizi." Kichwa kimoja kikatikisika kukubali, kisha kingine. Mwanamke yuleyule wa siku ya kwanza akasema ni mapenzi ya Mungu. Walikuwa wanamsamehe! Walikuwa na haraka ya kumsamehe, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mlango wake nyumbani.

Zéphirin peke yake hakutikisa kichwa. Alivua kofia, akaishika mbele ya tumbo.

Ndipo Mama Dancille akaongea, bila kuinua sauti, asije akamwamsha mtoto. "Mi ndiye nilikuwa nakupatia misumari, Papa Sikuli. Unafikiri nilisahau? Nilikuomba mi mwenyewe, ile ni yangu, nitakufa nayo. Lakini siku ine wananiita muuaji. Siku ine. Na wewe ulikuwa unakaa pale, unakula."

Hilo lilimwingia pale ambapo kofi lisingefika. Alitoka uani akienda kinyumenyume, kama mtu anayetoka kwa mgonjwa.

Kesho yake alianza kuzunguka na koleo la kung'olea misumari, brashi na ndoo ya maji. Zéphirin alimfuata, akamchukulia ndoo bila kumsemesha. Nyumba kumi. Katika kila moja Sikuli alisema, nimekuja kufungua mlango, na kama hamtaki, niache nifute mstari. Walimkaribisha vizuri, wakampa kiti, wakamwambia habari za Umuhire zimewaumiza sana. Na mlango? Ah, Papa Sikuli, futa tu mustari. Nyumba moja ndiyo ilikubali kufunguliwa, ya kina Florent, na hao walikuwa wanahamia Munigi Jumamosi ile.

Majirani walichanga mbao, mtu akatoa bati. Sikuli akajenga tena pale pale pa zamani, peke yake, siku nne. Hakupaka mafuta machafu. Aliweka mlango wa nyuma mpana kuliko wa kwanza, unaofunguka kwa nje, mtu akiuegemea tu unatii. Alikuwa anaupiga msasa ili usikwaruze, Mama Dancille akaja, Gisubizo mgongoni, akauangalia muda mrefu.

"Na misumari?" aliuliza.

Sikuli hakuamini masikio yake. "Mama Dancille. Kwa jina la Mungu, unaniomba nini?"

"Nakuomba kulala. Jana waliingia kwa Habumugisha, hukusikia? Moto ilikuja mara moja. Bale wanakuja kila juma." Alimpapasa mtoto mgongoni. "Nimebaki na huyu tu."

"Nikuwekee ubao mmoja pembeni ya kitanda, usioshikwa sana. Siku ya hatari unaupiga teke, unatoka."

"Ubao wenye mwanamuke muzee kama mi atafungua, mwizi ataushindwa?"

Sikuli aliupima ule mlango kwa mkono, nguzo hadi nguzo.

Mama Dancille alifungua fundo la kitenge chake. Alikuwa ameokota misumari kwenye majivu, kama wanavyofanya watu wote, na ameinyoosha kwa jiwe, mmoja mmoja. Sita. Alimpa wa kwanza.

Sikuli alipouzungusha kati ya vidole alijua. Msumari uliopita motoni umekufa. Unaingia vizuri, kichwa kinang'aa, kwa macho huwezi kuutofautisha na mzima, lakini bega la mtu likiusukuma kwa nguvu unajikunja kama waya. Angeipiga yote sita na mama angelala. Siku ya moto, mlango ungeachia. Siku ya wezi pia ungeachia. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikujua.

Aliurudisha msumari kiganjani mwa mama.

"Hii imepita mu moto, mama," alisema. "Imelegea. Haitashika kitu."

"Uko na mingine?"

Alikuwa nayo, mfukoni mwa koti, mipya. Aliitoa. Alipiga sita, akakatiza mbao mbili kwa ndani, kutoka nguzo hadi nguzo, na mikono yake haikujua kufanya kazi nusu. Mama Dancille alisukuma kwa bega. Haukutikisika. Safari hii hakucheka, alisema tu asante, akaingia ndani kumlaza mtoto.

Sikuli alizunguka akaja mbele, akakoroga chokaa kwenye kopo. Alichora mstari mmoja. Chini yake akaweka nukta mbili, akasubiri hapo mpaka zikauke.